Paina ya mlangoni inaliwa na wadudu wanaoinua vichwa kwa pamoja: ni nani hawa?

Mama Ifunda aliandika:

Heshima kwenu wakuu. Kabla sijafungua chupa ya dawa niliyouziwa dukani, naomba mnisaidie kumjua mdudu huyu.

Nimekulia Ifunda, Iringa. Baba alikuwa kibarua wa kupanda miche kwenye shamba la miti la Sao Hill, na sisi watoto ndio tuliokuwa tukiokota sindano kavu za kuwashia moto, kwa hiyo paina naijua tangu nina akili. Ila hizi za hapa Columbus, Ohio, ni ukoo mwingine. Aliyetuuzia nyumba aliacha vichaka vinne mbele, pembeni ya ngazi. Ni paina fupi isiyopanda juu, inatanuka tu ubavuni na inaishia kiunoni kwangu. Jirani yetu mzee anasema ni mugo.

Nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee. Narudi saa moja na nusu asubuhi nikiwa na usingizi mtupu, na juzi nikaona kichaka kimoja kinatikisika wakati upepo hakuna. Nikainama. Jamani! Tawi zima limejaa viwavi, wamebanana, kila sindano ina wawili au watatu. Nikasogeza mkono, wote wakainua vichwa kwa mpigo mmoja, wakakakamaa, kisha wakarudi kula. Nikagusa tawi, wakainua tena. Mwanangu wa miaka sita amepata mchezo, kabla ya basi la shule lazima akawapigie makofi.

Rangi yao ni kijani cha kijivujivu na wana mistari kwa urefu wa mwili. Ni sentimita moja na nusu hivi, wengine zaidi. Ukiwagusa wanatoa tone mdomoni, linanata na linanuka tapentaini. Sindano za sehemu ya chini ya tawi zimekwisha, na penginepo zimebaki nyuzi za kahawia zilizojikunja. Cha ajabu, yale machipukizi mapya ya juu yaliyosimama kama mishumaa hawajayagusa kabisa.

Sasa, huyu ni nani? Dukani nimepewa dawa ya Bt, ile ya bakteria, kijana akaniapia inaua viwavi wote na haidhuru watoto wala nyuki. Mume wangu anataka tufyeke vichaka vyote tumwage kokoto. Jirani anasema vichaka vitakufa vyenyewe, nisihangaike. Na je, wanawasha? Mtoto ameshawashika na hajajikuna mpaka sasa, lakini nyumbani kiwavi yeyote anayetembea kwa kundi tulikuwa tunamkimbia.

Picha nimeweka. Zimetikisika kidogo, na wenyewe hawatulii.

---

Mgololo Original alijibu:

Pole sana dada yangu wa Ifunda. Hao ni viwavi, hakuna haja ya kuwatafutia ukoo. Dawa umeshanunua, piga asubuhi na jioni, wakigoma mwagia majivu. Hiyo ya kuinua vichwa ni salamu tu, wamekutambua kuwa ni mtu wa Iringa 😂

Mdudu wa paina ninayemwogopa mimi ni yule chawa anayejifunika pamba nyeupe kwenye matawi. Huyo ndiye tunayemjua huku. Hawa wako wanaonekana kwa macho, wana nini cha kutisha?

---

Olmotonyi Zamani alijibu:

Dada, chupa iache ilivyo. Na risiti usiitupe.

Nilisomea misitu chuo cha Olmotonyi, siku hizi niko Michigan kwenye shamba la miti ya Krismasi. Theluji ikiyeyuka, kazi yangu ya kwanza ni kupita kwenye mistari ya paina nikigeuza tawi moja moja. Nadhani mdudu wako namjua, lakini sitaji jina kwa picha iliyotikisika. Watu wengi huanza na rangi, na rangi inadanganya. Mdogo ana rangi yake, mkubwa ana yake, na simu nayo inaongeza yake. Anza na miguu.

Chukua mmoja, muweke kwenye kikombe cheupe, mtazame kwa ubavu. Nyuma tu ya kichwa ana jozi tatu za miguu yenye vifundo. Hiyo wote wanayo. Kisha hesabu ile minene, laini, isiyo na vifundo, iliyoko tumboni hadi mkiani. Kiwavi wa kipepeo au wa nondo hazidi jozi tano za hiyo, na kati ya miguu ya mbele na ya tumboni ana pengo unaloliona bila taabu. Ukikuta jozi sita, saba au nane, na pengo ni dogo sana, basi hujashika kiwavi wa kipepeo. Umeshika mtoto wa nyigu. Ni wale nyigu-msumeno, ambao jike ana kifaa chenye meno mwishoni mwa tumbo, anapasulia jani au sindano na kupachika mayai ndani yake.

Tazama na kichwa, rangi yake na macho. Mtoto wa nyigu-msumeno ana jicho moja jeusi kila upande. Kiwavi wa nondo ana vijicho kadhaa vidogo vilivyokusanyika.

Halafu uulize na mti. Chomoa kishada kimoja cha sindano uniambie kina sindano ngapi. Paina yetu ya Sao Hill, patula, kwa kawaida ina tatu tena ndefu za kuning'inia. Yako je? Wanakula sindano za mwaka jana, au hata za mwaka huu? Wako kundi, au ukichunguza kichaka unamkuta mmoja hapa na mmoja kule? Mwilini wana madoa au mistari? Nijibu hayo, hata bila picha.

Kuhusu mtoto usiwe na hofu, hawana nywele za kuwasha. Lile tone ni utomvu, linanata tu. Muoshe mikono asije akajisugua macho nalo.

---

Mgololo Original alijibu:

Mkuu, yaani mdudu anamaliza mti na sisi tunamhesabu miguu? Tena nyigu ninayemjua mimi ana mabawa na anauma. Huyu mwenye miguu zaidi ya ishirini ni nyigu wa wapi?

---

Olmotonyi Zamani alijibu:

Hata mtoto wa nyuki hana mabawa, mkuu. Na hawa hata wakikua hawaumi, mwiba hawana. Ukimwona mkubwa wake utadhani ni nzi mnene tu, hana kile kiuno chembamba cha nyigu.

Miguu inahesabiwa kwa sababu ya pesa. Ile Bt inayouzwa kwa ajili ya viwavi, aina ya kurstaki, inafanya kazi ndani ya utumbo wa viwavi wa vipepeo na nondo. Mtoto wa nyigu-msumeno anaila pamoja na sindano na anaendelea na mlo. Kijana wa dukani hakukosea kuhusu dawa, ni nzuri sana. Ila hakumuuliza dada mdudu wake ana miguu mingapi.

---

Mama Ifunda alijibu:

Nimerudi. Leo sijalala, niko jikoni na kikombe cha chai chenye mdudu ndani, na mume wangu ameanza kunitazama kwa jicho la huruma. Mtoto kaleta lenzi yake ya shule.

Miguu ya mbele ni jozi tatu. Ya tumboni mimi nilipata saba, mtoto akapata nane, tukabishana, tukahesabu upya. Ni nane. Ile ya mkiani kabisa ndiyo niliyoiruka, maana ameibana kwenye kipande cha sindano na hataki kuachia. Pengo la maana hakuna.

Kichwa ni cheusi tii na kinang'aa, wekundu hakuna popote. Jicho jeusi kwenye kichwa cheusi, mkuu, hilo umenipa mtihani, nimeliacha. Mgongoni ana mstari mwepesi. Ubavuni ana mstari mzito, kijani kinachokaribia weusi, umepakana na vimistari vyeupe. Madoa hana. Miguu ya mbele nayo ni myeusi.

Kishada ni sindano mbili. Nimechomoa kwenye vichaka vyote vinne, kote ni mbili. Zinazoliwa ni za mwaka jana na mwaka juzi, machipukizi mapya wanayapita tu. Wako kundi kwa kundi, wakimaliza tawi wanahamia la jirani kwa msafara. Nimekuta makundi kwenye vichaka viwili, hivyo vingine vizima.

---

Olmotonyi Zamani alijibu:

Jicho nimekusamehe. Mengine yanatosha kabisa.

Huyo ni nyigu-msumeno wa paina wa Ulaya, *Neodiprion sertifer*. Asili yake ni huko Ulaya. Amerika Kaskazini alionekana New Jersey mwaka 1925, na leo sisi wa Michigan, ninyi wa Ohio na wenzetu wa Ontario tunaye. Mugo na ile paina ya Scotland, zote za sindano mbili, ndizo anazozipenda hasa.

Nikueleze nimewakataaje wengine, ili siku nyingine usinisubiri. Yupo mwenye kichwa chekundu, *Neodiprion lecontei*, mwenyeji wa hapa hapa Amerika. Huyo naye hukaa kundi na hula paina za sindano mbili, lakini mwili wake ni wa manjano wenye safu za madoa meusi, na kichwa ni cha rangi ya kutu. Yeye hutokea kiangazi, na akimaliza sindano za zamani anageukia mpya, hata gome laini la vijitawi analitafuna. Angekuwa yeye ningekuambia ukimbie. Yupo wa paina nyeupe, *Neodiprion pinetum*, mwenye kichwa cheusi kama wako ila mwili wa manjano hafifu na safu nne za madoa meusi, na mti wake ni wa sindano tano. Na yupo *Diprion similis*, mwili mweusi uliojaa madoa ya manjano na meupe, ambaye mara nyingi utamkuta peke yake. Wako ana mistari bila madoa, kichwa cheusi, sindano mbili, kundi, masika, na anakula za zamani tu. Hayo yote kwa pamoja hayaniachii mtu mwingine wa kumshuku.

Maisha yake ndiyo yatakuonyesha wa kufanya nini na lini. Majike huruka Septemba na Oktoba. Jike anapasua ukingo wa sindano na kupachika mayai sita hadi nane, anahamia sindano ya pili, ya tatu, hadi kumi au zaidi, kwenye tawi lile lile. Mayai yanakaa humo baridi yote. Huanguliwa Aprili, na ndiyo maana umewakuta wamerundikana, ni watoto wa mama mmoja. Wakiwa wachanga meno hayawezi kumaliza sindano, wanakula nyama ya nje na kuacha uzi wa katikati. Zile nyuzi zako za kahawia ni mlo wao wa kwanza. Wakikua wanaila sindano yote hadi kitako. Mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni wataanguka chini, kila mmoja afume kifukofuko cha kahawia kwenye takataka za majani, na humuoni tena hadi mwakani. Kizazi ni kimoja tu kwa mwaka.

Lile tone nalo lina habari yake. Anapokula anautenga utomvu wa paina kwenye vifuko viwili vya kooni, na akishambuliwa na chungu au ndege anautema. Mti umetengeneza utomvu ili kujilinda na walaji, mlaji kauiba ajilinde yeye. Mimi hilo linanifurahisha kila masika, bosi wangu haelewi nacheka nini.

Sasa vichaka vyako. Havifi. Machipukizi mapya yamesalimika, na mti utaishi kwa hayo. Ila paina haioti sindano upya kwenye sehemu ya tawi iliyozeeka. Sehemu waliyoisafisha itabaki uchi, tawi litakuwa na kishungi mwishoni tu, hadi vijitawi vipya vifunike baada ya miaka kadhaa. Kwa hiyo jirani amekosea kuhusu kufa, na mume wako amekosea kuhusu kokoto, lakini ukiwaacha mlango wako utakuwa na sura mbaya.

Vichaka viwili havihitaji dawa. Jaza ndoo maji ya sabuni ya vyombo, iweke chini ya tawi, likung'ute kwa nguvu. Wanaobaki wakusanye kwa mkono wenye glavu, au kata kijitawi kizima ukitumbukize. Rudia kesho yake, maana huenda kuna kundi ambalo hukuliona. Ukikosa nafasi, sabuni ya kuulia wadudu inafaa kwa wale wadogo, lakini lazima iwalowanishe. Wakishakuwa wakubwa haiwasumbui, hapo watu hutumia dawa iitwayo spinosadi. Hiyo pulizia jioni nyuki wakiwa wamelala, na soma kibandiko.

---

Nyambura wa Uppsala alijibu:

Hamjambo nyote. Mimi ni Mkenya, niko Sweden, na huyu mdudu wenu huku ni mwenyeji, yuko kwake. Nimempata mara nyingi nikitembea msituni, hasa kwenye ardhi kavu yenye mawe ambapo misonobari, ndiyo paina yenu, ni midogo na imedhoofika. Kuna miaka anakuwa mwingi hadi matawi yanabaki wazi, kisha idadi inashuka yenyewe. Mbona mnapanga kumwua haraka hivyo? Nimewaona wengine wamekufa wakining'inia kwenye sindano, miili imelegea na kugeuka myeusi, na hakuna mtu aliyepuliza kitu.

---

Olmotonyi Zamani alijibu:

Hao waliolegea wamekufa kwa virusi, dada Nyambura, na vimetoka kwenu huko huko. Mwaka 1949 watafiti wa Kanada walipata virusi hivyo kutoka Sweden, wakavieneza kwenye paina za Ontario, na vilifanya kazi vizuri sana kwa sababu hawa watoto wanaishi wamebanana. Mmoja akiugua anachafua sindano, mwenzake anaila. Mama Ifunda, ukikuta kundi limelegea hivyo usilitie kwenye ndoo. Liache pale pale.

Kuhusu kuwaacha, kwenye msitu nakubaliana nawe. Msitu una ndege, panya wanaochimba vifukofuko, nyigu wengine wanaotaga mayai yao ndani ya hawa. Mwenye hekta mia haendi na ndoo. Dada ana vichaka vinne na mlango mmoja. Sisi huku shambani mti ukiwa na tawi lisilo na sindano hakuna anayeununua Desemba, kwa hiyo msinitake niwe mpole sana.

Niongeze jambo moja kwa ndugu wa Mgololo. Nilipokuwa chuoni bado watu walikuwa wanasimulia jinsi chawa wa saipresi alivyoingia Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1980, mistari mizima ya saipresi ikakauka. Tangu hapo kila mdudu kwenye mti anaonekana ni msiba. Wapo wa msiba kweli. Huyu si wao, na huwezi kujua tofauti bila kumtazama karibu.

---

Mgololo Original alijibu:

Basi nimekubali, mkuu. Nimetoka nje hapa nimemshika kiwavi kwenye kabichi za mama watoto, nimehesabu. Jozi tano za tumboni na pengo analo. Huyo Bt itamfaa?

---

Olmotonyi Zamani alijibu:

Huyo itamfaa. Piga jioni, maana jua linaiharibu, na hakikisha umefikia upande wa chini wa majani.

---

Mama Ifunda alijibu:

Ndoo imefanya kazi. Jumamosi nilikung'uta mimi, mtoto akashika ndoo, mume wangu akasimama pembeni kutoa ushauri. Jumapili nikapata kundi jingine upande wa ukutani ambako jua halifiki, nalo nikalishughulikia. Dawa nimeirudisha, wamenipa pesa yangu bila maneno.

Nimewaacha wachache kwenye kikombe na sindano mbichi, mtoto anataka kuona kifukofuko. Nimemwekea kwenye chombo chenye kitambaa juu.

Sasa jirani kaniletea kazi. Ana mti mrefu nyuma kwake, sindano laini, nimechomoa kishada, ni tano. Anasema mwaka jana ulipukutika upande mmoja na hakuona mdudu. Tumegeuza matawi leo, hakuna kitu. Niangalie nini?

---

Olmotonyi Zamani alijibu:

Sindano tano ndefu na laini ni paina nyeupe. Kutokuta mdudu Mei hakumaanishi hayupo, kwa sababu *pinetum* hapiti baridi akiwa yai kama wako. Yeye hulala ardhini ndani ya kifukofuko na watoto wake huonekana kiangazi. Mwambie jirani aanze kugeuza matawi mwisho wa Juni, aendelee hadi Septemba. Akikuta manjano hafifu yenye safu nne za madoa meusi asisubiri, maana huyo hula mpya na za zamani, na paina ikiondolewa zote inaweza kufa.

Ila upande mmoja kupukutika inaweza isiwe mdudu kabisa. Muulize kama upande huo ndio unaotazama barabara wanayomwaga chumvi wakati wa theluji.

Na vichaka vyako uvikague tena Novemba, baridi ikishaanza kuuma. Sehemu zenye mayai kwenye sindano zitakuwa zimegeuka vidoa vya manjano vilivyopangana mstari mmoja. Vunja sindano hizo kwa mkono, ufunge kwenye mfuko, utupe.